Kupima DNA ya mbwa kabla ya kupandisha: huduma tuliyotumia hapa Nairobi, ikoje na iko wapi shida

Hii naandikia wale wanaozalisha mbwa wa Labrador na Golden Retriever hapa Nairobi na wangependa watoto wa hao mbwa waende kufanya kazi ya maana, yaani kumuongoza mtu asiyeona, kukaa na mtoto mwenye usonji, kumuokotea vitu mtu aliye kwa kiti cha magurudumu. Nimeulizwa na wafugaji wenzangu mara nyingi sana kama hii mambo ya kupima DNA ina faida ama ni njia ingine tu ya kumaliza pesa za watu. Mimi nasema lipia. Ni huduma nzuri sana, nitairudia kwa kila mbwa nitakayezalisha, ila kuna pahali ilitukwaza vibaya na hapo ndipo nataka kukaa zaidi, sababu mtu asipojua anaweza kumtupa mbwa mzuri bure ama kuzalisha mgonjwa huku ameshika ripoti mkononi.

Sasa venye inafanya kazi. Maabara zenyewe ziko ng'ambo, kuna Embark ya Marekani, Laboklin ya Ujerumani, Orivet ya Australia na zingine, na unaweza kuagiza mwenyewe moja kwa moja ama upitie kliniki ya wanyama hapa mjini wakufanyie kila kitu. Sisi tulipitia kliniki, sitaitaja. Unalipa, unapewa kifurushi kidogo chenye vijiti vya kusugulia mdomo, bahasha na fomu, unachukua mate ya mbwa, vinasafirishwa, unangoja wiki kadhaa, majibu yanakuja kwa imeili. Hakuna kutoa damu, hakuna kulaza mbwa usingizi.

Hiyo kuchukua mate watu wanaichukulia mchezo lakini ndio inaamua kama utapata majibu ama utaambiwa rudia. Jike wetu anaitwa Asali, Labrador wa rangi ya njano, na ni mbwa ambaye kila kitu kikija karibu na mdomo anaamini ni chakula. Asile chochote nusu saa hivi kabla, na biskuti ya kumsifu ingoje mpaka mmalize, maana makombo yanaharibu sampuli. Kijana wa kliniki alimkalisha kati ya magoti yake, akainua mdomo wa pembeni kwa kidole gumba, akaingiza kijiti kati ya shavu na ufizi, akasugua akizungusha polepole huku anahesabu kwa sauti, na hiyo ilinifurahisha sababu chenye kinatakikana ni zile seli za ngozi ya ndani ya shavu, mate peke yake hayatoshi. Halafu hakukimbilia kufunga bahasha, alivisimamisha vijiti kwa glasi vikauke kwanza, maana kikifungwa na unyevu kinaota ukungu njiani. Wakiwa ni watoto wanaonyonya lazima uwatenge na mama yao kwa muda kabla ya kuwasugua, la sivyo unaweza kutuma maziwa na seli za mama Ujerumani ukilipia za mtoto.

Kitu kingine walifanya vizuri ni chipu, ile ndogo yenye namba ya mbwa inayowekwa chini ya ngozi. Kabla ya kugusa mdomo alipitisha skana shingoni, akaisoma namba, akaiandika kwa fomu, akanionyesha tulinganishe na kadi yangu. Nawasihi kabisa msikubali kipimo bila hiyo, na ukienda kununua mbwa ama kutafuta dume uonyeshwe ripoti isiyo na namba ya chipu basi hiyo ni ripoti ya mbwa yeyote yule, hata wa jirani. Karatasi za East African Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, zinakwambia baba ni nani na babu ni nani, na ni muhimu kuwa nazo, lakini karatasi haiwezi kukwambia babu alimwachia mjukuu jeni gani.

Bei inapigwa kwa dola ama yuro kwa hivyo inategemea shilingi imeamkaje, na chenye kinauma zaidi ni usafiri kuliko kipimo chenyewe. Tafuteni wafugaji kadhaa mtume pamoja. Hata hivyo kwa bei tuliyolipa haikufika nusu ya bei ya papi mmoja wa Labrador mwenye karatasi, na papi mmoja mgonjwa anakula zaidi ya hiyo kwa daktari, bado hatujaongea juu ya mtu aliyemtegemea.

Hapo kwa mtu aliyemtegemea nataka tuelewane vizuri. Kuna ugonjwa unaitwa prcd-PRA, ni wa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na uko kwa Labrador, Golden, Poodle na mbegu zingine nyingi. Unaanza na giza. Mbwa anasitasita kushuka ngazi taa zikizimwa, anagonga kitu kivulini, halafu polepole hata macho ya mchana yanakwenda mpaka anapofuka kabisa. Haumi na hauna dawa. Sasa angalia hesabu ya miaka: kwa Labrador dalili kwa kawaida zinakuja akishakomaa, miaka mitatu, minne, sita, wengine hata zaidi, na mbwa wa kuongoza anaanza mafunzo rasmi akipita mwaka mmoja, anakabidhiwa mtu akiwa na miaka miwili hivi, anatakiwa afanye kazi mpaka miaka minane ama kumi. Kwa hivyo daktari anaweza kumpima macho akiwa mdogo akamkuta yuko sawa kabisa, mtu akamzoea, akaacha hata kuulizia watu njia, halafu jioni moja wanavuka Jogoo Road matatu zinapigana nafasi na boda zinapita juu ya njia ya miguu, na anayeongoza ndiye haoni. Mimi nikifikiria hiyo silali vizuri. Kipimo cha DNA kinakwambia hayo mbwa akiwa bado wa wiki chache, kabla hajafundishwa hata kukaa.

Na jambo lilinigusa sana nikisoma: herufi ya DNA iliyobadilika kwa hiyo jeni ya PRCD ni moja tu, na watafiti walioitambua mwaka 2006 walikuta badiliko hilo hilo, herufi ile ile, kwa mgonjwa wa Bangladesh mwenye upofu wa kurithi. Yaani mbwa na huyo mtu walikuwa na ugonjwa mmoja.

Kwa Labrador kuna mengine ya kuangalia kwa ripoti. EIC, ambayo jeni yake DNM1 ilijulikana 2008, ni ile mbwa akikimbia kwa nguvu dakika kumi, kumi na tano hivi, miguu ya nyuma inalegea anaanza kuyumba, mara nyingi akipumzika anarudi sawa lakini kuna waliokufa palepale, na joto linaongeza shida. CNM inadhoofisha misuli tangu mbwa akiwa mdogo wa miezi. HNPK inakausha pua mpaka inapasuka, hii haimuui lakini inamsumbua maisha yote. Halafu kuna DM, ya uti wa mgongo, jeni ya SOD1, na hapa lazima usome kwa utulivu, sababu mbwa mwenye kopi mbili za jeni mbaya, moja ya baba na moja ya mama, yuko kwa hatari zaidi lakini si lazima augue, na ikija kwa kawaida inakuja uzeeni, akifika miaka minane na kuendelea, wakati mbwa wa kazi anakaribia kustaafu. Siwezi kuipa DM uzito sawa na prcd. Ripoti inaziweka zote kwa mistari inayofanana na rangi zile zile, kupima uzito ni kazi yako wewe na daktari.

Nije sasa kwa chenye kilitukwaza. Majibu ya Asali yakaja: EIC safi, CNM safi, HNPK safi, prcd-PRA mbebaji. Ile kliniki kwanza hawakunitumia ripoti, walinipigia simu. Daktari akaniambia, "Madam, pole, huyu jike ni mgonjwa wa macho, atapofuka, usimzalishe, mlete tumfunge kizazi." Nikamwomba daktari anitumie ripoti yenyewe, nikatumiwa picha ya WhatsApp ya ukurasa mmoja, nikaomba tena mpaka nikapata ile PDF ya maabara, na pale imeandikwa wazi kabisa kwamba ana kopi moja na hatarajiwi kuugua. Nikampigia, nikamwambia kwa heshima zote, "Daktari hebu soma mstari wa pili hapo chini." Kimya kidogo, halafu akasema ataangalia. Jioni akanipigia akakubali kwamba walisoma vibaya, na nashukuru alikubali, lakini ni wangapi walifunga mbwa wao kizazi kwa simu kama hiyo? Mtu amelea jike miaka miwili, ana tabia ya dhahabu, hashtuki hata fataki zikilipuka, halafu anaondolewa kwa sababu mtu alisoma rangi ya manjano ya mbebaji akaona nyekundu ya mgonjwa. Hiyo kwangu si kosa dogo kwa huduma unayolipia.

Wacha niieleze venye watu wetu wanaijua tayari. Ukienda Kisumu, Busia, Kilifi, kila familia inajua selimundu. Mtu wa AS anaishi maisha yake vizuri, wa SS ndiye anaugua, na wawili wa AS wakioana kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Prcd, EIC, CNM na HNPK zinarithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mbwa safi hana kopi yoyote mbaya, mbebaji ana moja na yuko sawa, mwenye mbili ndiye wa kuugua. Ukimpandisha mbebaji kwa dume safi hakuna hata mtoto mmoja atakayeugua, karibu nusu yao watakuwa wabebaji na wengine safi kabisa. Ukimpandisha mbebaji kwa mbebaji, kila mtoto anacheza ile bahati ya moja kati ya nne, na usidanganyike ati kwa watoto wanane watakuwa wawili tu, wanaweza kuwa wanne ama asiwe hata mmoja.

Na hapa ndipo kipimo kilijilipa chenyewe. Dume tuliyekuwa tumemchagua, mzuri, mtulivu, ukoo mrefu, mwenyewe ni jamaa wa Ngong mwenye roho safi, alikubali naye apimwe. Akatoka mbebaji wa prcd. Wote wawili wana macho mazima, daktari wa macho angewapitisha, watoto wangetoka wanang'aa, tungewagawa kwa treina, na hakuna mtu angejua mpaka miaka mitano baadaye. Tulikaa naye kwa kikombe cha chai tukakubaliana hii ndoa haipo, na yeye sasa anatafutia dume wake majike safi peke yake, hakuna aliyefungwa kizazi. Asali tukamtafutia dume safi Nakuru.

Mbona nasisitiza mbebaji asitupwe? Kwa sababu ukiangalia Labrador wa hapa kwetu ukoo ni ule ule unazunguka. Dume moja likiwa na sifa kila mtu anakimbilia hilo, miaka michache baadaye unatafuta dume geni unakuta ni mjukuu wake. Ukianza kuondoa kila mbebaji wa kila ugonjwa unabaki na mbwa wachache mno, wote ndugu, halafu unazalisha ugonjwa mwingine ambao bado hauna hata kipimo. Kuna ukurasa kwa ripoti unaoonyesha undugu wa damu kwa asilimia, yaani ni kiasi gani cha jeni ambapo mbwa amepata kopi zile zile kutoka kwa baba na mama wenye undugu, na naona watu wengi wanaupita. Mimi nauona ndio wenye faida kubwa kuliko yote kwa mtu wa Nairobi. Kukupa picha tu, ukipandisha kaka na dada, ama baba na binti yake, watoto wanatarajiwa kuwa na asilimia 25, na ndugu wa baba mmoja mama tofauti ni 12.5. Karatasi za ukoo zinahesabu kwa majina na vizazi vichache, DNA inasoma mbwa mwenyewe alichorithi kikweli, kwa hivyo mbwa wawili wasio na jina moja linalofanana kwa karatasi bado wanaweza kuwa karibu kuliko ulivyofikiria. Si kila maabara inatoa hiyo kwa kifurushi cha bei ya chini, uliza kabla ya kulipa.

Lile tangazo la magonjwa zaidi ya mia mbili lisikubabaishe pia. Mengi ya hayo ni ya mbegu zingine, Labrador wako atatoka safi kwa magonjwa ya Dobermani na ya Collie na hiyo haikuongezei chochote. Kifurushi kidogo cha mbegu yako pamoja na huo undugu wa damu kinatosha kabisa kwa mfugaji.

Na kuna vitu ambavyo hakuna mate yatakayokuonyesha. Nyonga. Hii nataka niseme kwa nguvu kwa sababu nimeona tangazo la papi limeandikwa "amepimwa DNA, nyonga safi" na hiyo si kweli. Ubovu wa nyonga unatokana na jeni nyingi kwa pamoja, ukichanganya na lishe na uzito, hakuna jeni moja ya kupima. Nyonga na viwiko ni eksirei, na mfumo wa OFA wa Marekani, wale wanaokagua mifupa ya mbwa, hautoi cheti cha mwisho mpaka mbwa afikishe miezi 24. Kifafa cha kurithi kwa Labrador nacho hakina kipimo cha DNA mpaka sasa. Tabia, utulivu, kutoogopa kelele, hiyo ni macho ya treina na muda. The Seeing Eye kule New Jersey, shule ya mbwa wa kuongoza iliyoanza 1929, walipunguza ubovu wa nyonga kwa Labrador na German Shepherd wao kwa kiasi kikubwa ndani ya vizazi visivyofika vitano, na kazi hiyo ilifanywa na eksirei na rekodi za ndugu wote wa kila mbwa, daftari lililowekwa vizuri mwaka baada ya mwaka. Sisi hapa hatuna hata rekodi za pamoja, kila mtu anaficha ya kwake, na naomba hilo libadilike kwa sababu dume aliyezaa watoto wagonjwa Kitengela anazidi kupandishwa Kiambu na hakuna anayejua.

Kingine kidogo kwa wale wanaodhani kila badiliko la jeni ni baya. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walitangaza kwamba kuna Labrador wamekosa kipande cha jeni ya POMC, na hao wanapenda chakula kupita kiasi na wananenepa haraka. Kwa Labrador wa kawaida ilikuwa karibu robo yao, lakini kwa mbwa wa huduma waliopimwa ilikuwa asilimia 76. Inafikiriwa ni kwa sababu mbwa anayependa chakula anafundishika kirahisi kwa zawadi, kwa hivyo vizazi kwa vizazi wamechaguliwa hao bila mtu kujua. Ukisoma hiyo kwa ripoti usikimbie kumtoa mbwa, mpimie chakula kwa kikombe na umweke kwa mizani mara kwa mara, basi.

Nikirudi kwa huduma yenyewe. Maabara nawapa nyota tano, majibu yalikuja kwa wakati waliosema, ripoti inasomeka, na nilipowaandikia swali juu ya dume wa Ngong nilijibiwa na mtu aliyesoma faili kweli, alinieleza kila mchanganyiko utatoa nini bila kunisukuma ninunue kitu kingine. Kliniki nawapa tatu, mikono yao ni mizuri, wanapenda wanyama, chipu wanaiangalia, lakini kutoa majibu kwa simu bila mtu aliyesomea kurithi magonjwa ni hatari, na kumshauri mtu afunge mbwa kizazi kabla hajaona ripoti kwa macho yake hiyo wakome. Wakiweka daktari mmoja tu wa kukaa chini na mfugaji akampitisha mstari kwa mstari nitarudi kuwaongezea nyota, na nimewaambia hivyo ana kwa ana.

Watoto wa Asali wakizaliwa hatutapima wote kwa prcd kwa kuogopa ugonjwa, baba ni safi kwa hivyo hakuna atakayepofuka nayo, tutapima wale ambao treina atasema wana uwezo wa kubaki kama wazazi, na hao wakifika umri wataenda eksirei kabla ya kupandishwa. Wewe ukienda kulipia, beba kadi ya chipu, uliza kama undugu wa damu umo ndani ya bei, hakikisha fomu imeandikwa imeili yako na si ya kliniki peke yake ili ile PDF ikufikie wewe kwanza, na kama una dume, mpime yeye kabla ya jike, sababu jike anazaa mara chache lakini dume moja linaweza kuwa baba wa nusu ya Labrador wa mtaa mzima.